Mdogo wangu karudi JKT kabadilika. Hivi ni jeshi, ni njaa au ni umri tu?

#1 MwishoWaReli
Wakuu, habari za usiku. Niko Kasulu. Mdogo wangu alimaliza form six Mei, akaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, yaani ile ya lazima, kambi siitaji ila ni mbali, safari ya siku mbili. Karudi wiki iliyopita.

Huyu ni mtoto ambaye mama alikuwa anamwamsha kwa kumwagia maji. Sasa saa kumi na moja kasoro nasikia fagio uani. Shuka lake la bluu bahari analitandika hadi unaogopa kukaa, kona zimekunjwa kama bahasha. Akila anamaliza dakika tano, halafu anabaki anaiangalia sahani yangu.

Hayo sina shida nayo. Kilichonileta hapa ni neno alilosema juzi jioni. Mama alimuuliza, "Mwanangu, huko walikutesa?" Akajibu, "Walitutesa. Lakini mama, miezi mitatu hakuna aliyeniita Mrundi."

Watu wa Kigoma mmeshaelewa. Kwa wengine: sisi tukishavuka mto Malagarasi, ukitaja jina lako mtu anakunja uso, anadhani umetoka Burundi. Basi zima mnasafiri vizuri, unashushwa wewe peke yako kuulizwa babu yako kazikwa kijiji gani. Mimi nilishazoea. Sikujua kama dogo alikuwa anatembea na jambo hilo moyoni.

Swali langu kwa waliopita: kule kuna nini hasa? Miaka kumi na tatu ya shule haikumpa alichopata kwa miezi mitatu ya kukimbizwa.

#2 Dagaa Mkavu
Naweka kambi hapa. Mesitini yangu ya chakula ninayo, nasubiri firimbi.

#3 Kuruta Mstaafu
Mleta uzi usihangaike, jibu ni njaa.

Nasema kwa uzoefu. Kwenye hanga letu la kulala tulikuwa na mtoto wa mkurugenzi, kaja na begi la magurudumu. Siku ya kwanza hakugusa maharage, anasema yana wadudu. Wiki ya pili tulikuwa fatiki, yaani kazi za jikoni, mimi na yeye, tukapewa sufuria kubwa la kusugua, lile la kupikia watu mia kadhaa. Chini kuna ukoko wa ugali umeshika kama bati. Jamaa aliingia ndani ya sufuria, mwili mzima, zimebaki miguu. Nikasikia sauti humo ndani inasema, "Mkuu, nimekuachia upande wako."

Ameukwangua ukoko, kaugawa nusu kwa nusu kwa kijiko, na nusu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Leo hii akinipigia usiku wa manane naamka. Mtu akishakugawia ukoko humuulizi kabila.

#4 Asali ya Sikonge
#3 nimecheka ila sikubali. Njaa tulikuwa nayo bweni miaka sita, na tuliibiana hadi sabuni. Njaa peke yake inaleta wizi.

Kinachofanya kazi ni chenja, zile nyimbo za kukimbilia. Mimi nina kigugumizi tangu utoto. Darasani mwalimu akiniuliza, wenzangu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Kule alfajiri mnakimbia, giza, vumbi, kila mtu pumzi zimekata, aliyekuwa anaanzisha wimbo akakaukiwa sauti. Pakawa kimya, zinasikika raba tu. Sijui kilinipata nini, nikaanzisha mimi. Mstari mzima umetoka bila kukwama hata herufi moja, na watu mia moja na zaidi wakaniitikia nyuma yangu.

Afande akapiga kelele, "Nani huyo?" Nikajua nimekwisha. Akasema, "Wewe Tabora, endelea!"

Kuanzia siku ile nikawa mwanzishaji wa kombania. Kuongea bado nakwama, hata nikikupigia simu leo utasikia. Ila sasa nikikwama nasubiri, naendelea. Zamani nilikuwa nanyamaza.

#5 Chuo Kimenishinda
Wakuu tusiwape sifa za bure. Hii JKT ya form six imeanza 2013 enzi za Kikwete, hata wabunge vijana walienda mwaka huo, Zitto wetu wa Kigoma akiwemo. Kabla ya hapo watu walikuwa hawapiti na mbona walikuwa na nidhamu kuliko sisi?

#6 Binti Nguruka
Mmeongea wanaume watupu, ngoja niingie.

Mimi walinikata nywele nilizozifuga tangu darasa la saba. Nililia. Pembeni yangu alikuwepo Mmakonde wa Newala, naye analia, tukatazamana vichwa vyetu tukaanza kucheka na machozi yanatoka. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Ila kilichonibadilisha ni lindo. Nyumbani mimi ni wa mwisho, saa moja usiku sitoki hata chooni peke yangu. Siku hiyo tumepangiwa saa nane hadi saa kumi, mimi na huyo Mmakonde, upande wa zizi. Silaha yetu rungu na firimbi. Mwezi hakuna. Tukasikia hatua. Mwenzangu akanishika mkono, kucha zimeingia. Nikasema, "Simama! Nani wewe?"

Wakuu, ile sauti niligeuka kuangalia nani kaongea. Nene, imetoka tumboni. Hatua zikasimama kweli. Tukabaki tunasikilizana mimi na kitu gizani, hakuna anayesogea.

Alikuwa punda wa kubebea maji.

Tulichekwa kambi nzima, nikaitwa Afande Punda mpaka siku ya kufunga mafunzo. Lakini sauti nilirudi nayo. Kuna mjomba alikuwa akija kwetu ana mikono ya kupapasa, mnanielewa. Alipokuja mara ya kwanza baada ya mimi kurudi nilimwambia neno moja tu kwa sauti ile ile. Hajarudi tena Nguruka.

#7 Dagaa Mkavu
Afande Punda nakupigia saluti.

#8 Mzee wa Isevya
Vijana, #5 rekebisha hapo. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 serikali ikaamua wasomi nao wapite kwa lazima, na sehemu kubwa ya muda wa kutumikia unafanya kazi unalipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga, Mwalimu akawafukuza karibu 400, akajikata na yeye mshahara asilimia 20. Mujibu ikaendelea hadi 1994 iliposimamishwa. Hiyo 2013 ni kurudishwa, si kuanza.

Mimi nilikuwa Mafinga 1978. Mtoto wa Tabora aliyezoea joto na maembe, nimefikia kwenye baridi ile ya Iringa, maji ya kuoga yanakata ngozi kama wembe. Tulilala wawili wawili chini ya mablanketi, mimi na kijana mmoja wa Rombo. Yeye alikuwa anajua baridi, akanifundisha kuvaa soksi mikononi.

Mwishoni mwa Oktoba Amin akaivamia Kagera. Redio ya kambi ikafunguliwa kwa sauti, Mwalimu anazungumza. Nia, sababu, uwezo. Kijana wa Rombo akawa miongoni mwa walioondoka. Mimi nilikuwa na homa nikabaki. Hakurudi.

Mnauliza kule kuna nini. Mimi kwa miaka hii yote, usiku wa baridi wa mwezi wa saba hapa Isevya, nikivaa soksi mikononi mke wangu ananicheka.

#9 Ujiji Mwembeni
Shikamoo mzee. Pole sana.
Marekebisho madogo tu: Mwalimu alianza na uwezo, ikafuata sababu, nia ikaja mwisho.

#10 Mzee wa Isevya
Marahaba. Ni kweli kijana. Siku ile sikuwa nahesabu.

#11 Goti la Kushoto
Samahani nitaharibu hali ya hewa.

Mimi nilienda kwa kujitolea, ile ya miaka miwili. Sitataja kambi. Mwezi wa tatu nilianguka kwenye kichurachura, goti likavimba kama papai. Nikaambiwa najifanya. Nimeendelea kuruka na lile goti siku nne. Leo nikipanda ngazi mtu akiwa nyuma yangu anasikia linalia.

Miaka miwili nimelima, nimefyatua tofali, nimelinda. Tulipofunga mafunzo wenzangu wachache wakachaguliwa kuendelea kwenye majeshi, sisi tukapewa cheti na kwaheri. Najua matangazo yao huwa yanaandika wazi kwamba kujiunga si ahadi ya ajira. Nilisoma. Lakini nani wa huku anaenda miaka miwili bila kutegemea?

Na huo undugu mnaousema: kundi letu la WhatsApp tulikuwa zaidi ya mia. Mwaka wa kwanza salamu hadi simu inazima. Sasa hivi ni michango ya harusi na tangazo la msiba. Aliyepata kazi kabadilisha namba.

Mujibu wa miezi mitatu anarudi na hadithi. Wa miaka miwili anarudi kijijini anamkuta mwenzake aliyebaki ana boda boda mbili.

#12 Kuruta Mstaafu
#11 pole mkuu, kweli kuna tofauti. Mujibu anajua siku ya kurudi, anahesabu hata vijiko. Wewe ulikuwa unahesabia maisha.
Lakini nikuulize: ukimkuta mtu wa operesheni yako, yaani awamu mliyoingia pamoja, stendi, hamjuani kabisa, inakuwaje?

#13 Goti la Kushoto
Mwaka jana pale stendi ya Tabora nilikuwa nimekwama, nauli imepungua. Kijana mmoja wa walinzi akanitazama nilivyosimama, akaniuliza, "Operesheni gani?" Nikamtajia. Hakuuliza jina. Akanilipia iliyobaki na soda juu.
Haya, mmenipata. Ila goti bado linauma.

#14 Mjukuu wa Rugaruga
Nyie mnadhani haya yameanza na JKT. Sisi Unyamwezini tunayajua tangu enzi za Mtemi Mirambo. Rugaruga, askari wake, hawakuwa watu wa ukoo mmoja. Walikuwemo mateka wa vita, waliokimbia kwao, Wangoni waliosalia huku, watoto wasio na shamba wala mjomba. Ukishavaa ile nguo nyekundu na manyoya kichwani umekuwa mtu wa Mirambo, habari ya kwenu imekwisha. Mtu asiye na kwao alipewa kwao. Ndivyo alivyojenga dola yake Urambo hadi alipofariki 1889.

Kwa hiyo mdogo wake mleta uzi kapita njia ile ile. Jeshi siku zote linatafuta mtu wa pembezoni, maana ndiye mwenye hamu ya kuitwa ndugu.

#15 Ujiji Mwembeni
Wanyamwezi mmeshaanza. Uzi wa Kasulu, katikati katokea Mirambo.

#16 Mzee wa Isevya
Mirambo alifariki Desemba 1884, mjukuu wangu, si 1889. Na hao rugaruga usiwapambe sana, muulize bibi yako vijiji vilivyochomwa.

Ongeza na hili. Januari 1964 askari walipoasi Dar, kesho yake wa hapa Tabora nao waliasi. Jeshi lile la kurithi kwa mkoloni likavunjwa lote, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaundwa JWTZ, wengi wakitoka umoja wa vijana wa TANU. Yaani wakubwa waliona kuvaa gwanda pamoja hakutoshi kuwafanya watu wamoja. JKT yenyewe tangu mwanzo ilipewa jembe na darasa, si bunduki peke yake.

#17 Mjukuu wa Rugaruga
Mzee hapo kwenye mwaka nimepigwa, nakubali. Kwenye hoja bado nimesimama.

#18 Mwalimu wa Heru Juu
Mleta uzi, mimi ni jirani yako, nafundisha huku huku. Nafurahi kwa ajili ya dogo, ila naomba niweke mchanga kidogo kwenye ugali.

Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kujitolea. Kijana hodari, mbio anazijua. Kabla ya kufika hata kwenye usaili akatakiwa na ofisi fulani alete cheti cha kuzaliwa cha baba, cha mama, na barua ya mwenyekiti kwamba babu yake alizaliwa huku. Wenzake wa mikoa mingine niliowauliza walipeleka vyao tu. Alizunguka siku tatu. Babu yake alizaliwa kabla ya uhuru, huko kijijini nani alikuwa na cheti? Dirisha likafungwa.

Kwa hiyo hilo la "hakuna aliyeniita Mrundi" ni kweli ukiwa ndani. Mlangoni kwanza lazima ujieleze.

Halafu kuna kitu huwa nakiwaza nikipita Mtabila. Ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, ikafungwa 2012. Leo ni kambi ya JKT. Eneo ni lile lile. Pale pale walipokuwa wanapanga foleni ya mahindi ya msaada, sasa vijana wa Dar na Lindi wanapiga kwata na kujifunza Utanzania. Sijui nicheke au nifanyeje.

#19 Binti Nguruka
Mwalimu umenifanya niache kula.

#20 MwishoWaReli
Nimesoma yote, asanteni. Nimeenda kumuuliza dogo moja kwa moja: kwa nini hawakukuita Mrundi, wakati jina lako ni lile lile na lafudhi ni ile ile?

Amenijibu huku anasugua sufuria, siku hizi vyombo anagombania yeye. Anasema hakuna afande aliyekuwa na muda wa majina. Siku ya kwanza mistarini kila mtu aliulizwa katoka wapi, na hilo ndilo likawa jina. Yeye akawa "Kigoma". Kuna Mtwara, kuna Kyela, kuna Sikonge, wawili wa Temeke wakaitwa Temeke Mrefu na Temeke Mfupi. Akikosea kwata, "Wewe Kigoma, una miguu mitatu?" Akilenga shabaha vizuri, "Kigoma wanaona mbali."

Anasema, "Kaka, nilitukanwa kila siku. Lakini nilitukanwa kama mtu wa mkoa."

#21 Asali ya Sikonge
Hapo kwenye "Wewe Tabora" nami nilikuwa sijapawaza. Kumbe ndiyo ile ile.

#22 Chuo Kimenishinda
Sasa hiyo si ni utani tu wa kawaida? Mngempeleka hata kwenye timu ya mpira angepata jina. Mimi nasema ni umri. Miaka 19 kila mtu anabadilika, hata aliyekaa nyumbani. Na simu hawana miezi mitatu! Mnyang'anye kijana yeyote simu uone kama hatafagia uani.

#23 Kuruta Mstaafu
#22 hoja ya simu nakupa. Ya umri nakunyima: mimi nina mpwa wa miaka 26, hajaenda popote, bado anaamshwa.

#24 Ujiji Mwembeni
Mimi sijapita JKT, nauliza tu. Huyo aliyeitwa Kigoma alipelekewa mgebuka hata mmoja? Maana wa kwetu akikaa miezi mitatu bila mawese wala mgebuka ataongea Kiha usingizini.

#25 Dagaa Mkavu
Mgebuka gani mwenye hadhi ya kupanda treni siku mbili? Tuma dagaa, ndiyo askari wa miguu.

#26 Asali ya Sikonge
Dagaa wenu mchanga mtupu. Leteni asali.

#27 Ujiji Mwembeni
Mchanga ni wa wanaoanikwa chini. Wetu wanaanikwa kwenye kichanja, njooni Kibirizi mjionee. Mnyamwezi utamjulia wapi samaki, ziwa lenu ni bwawa la Igombe la kuchimba.

#28 Mama wa Watatu
Wanangu samahani kuwakatisha. Nimesoma uzi wote na miwani imepanda ukungu pale kwa Mzee wa Isevya. Nipo Kigoma mjini. Binti yangu yuko form six, mwakani ni yeye. Ana mguu mmoja mfupi kidogo tangu kuzaliwa, anatembea vizuri ila anachechemea. Anataka kwenda, baba yake hataki. Nifanyeje? Na vitu vya kununua ni vipi, nianze mapema kidogo kidogo.

#29 Kuruta Mstaafu
Mama, wenye ulemavu unaoonekana matangazo ya nyuma yaliwaelekeza kuripoti Ruvu, pale Mlandizi mkoa wa Pwani, kwa sababu kambi ile ina mazingira yao. Subiri tangazo la mwaka wake usome vizuri. Vitu: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni inayofika magotini, isiwe na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, nguo ya baridi. Na nauli ya kwenda na kurudi.

#30 Goti la Kushoto
Mama, aende. Lakini mwambie kitu kimoja kutoka kwangu: akiumia aseme siku hiyo hiyo, na asipoamini mmoja amwambie wa pili. Asiruke siku nne.

#31 Binti Nguruka
Mama, raba anunue namba moja zaidi, miguu inavimba. Na akikatwa nywele atafute anayelia pembeni yake.

#32 Mama wa Watatu
Asanteni wanangu. Shuka nimezunguka soko la Mwanga leo, bluu bahari yenyewe imeadimika, wananionyesha ya kijani wanasema mama hii nayo ni bahari.

#33 MwishoWaReli
Mama usinunue. Za dogo zipo mbili, nzima kabisa, yeye anaenda chuo anaweza kulalia yoyote. Nitazipakia kwenye basi la asubuhi, utazipokea stendi.

#34 Kigoma_Mmoja
Wakuu, mimi ndiye huyo dogo. Nimejiunga leo. Kaka hajaniuliza. Shuka hazitoki.

#35 MwishoWaReli
Wewe! Shuka ni shuka, zote zinafanana.

#36 Kigoma_Mmoja
Hazifanani. Hanga nzima zilikuwa za rangi moja, zikianikwa hujui ya nani, zikawa zinapotea. Temeke Mfupi alikuwa na kalamu ya wino mzito, akatuandikia sote kwenye pindo. Yangu geuza upande wa miguuni utaona, imeandikwa KIGOMA.

#37 Mama wa Watatu
Basi mwanangu, kaa nazo. Ila nitajie ni kalamu gani hiyo, isiyotoka kwenye maji.